Kijiko Kimoja cha Unga: Kisa cha Mgonjwa wa Seliaki wa Ngamiani

Kwa mwaka mzima mama huyu hakugusa mkate, chapati, maandazi wala tambi, na bado damu yake ilisema anakula ngano. Daktari wake wa Dar es Salaam alimuuliza kwa upole kama kuna siku huwa anajisahau. Mume wake alimuuliza bila upole. Yeye alilia, maana alijua vizuri alivyokuwa akivipita mezani kila siku. Ndipo nilipoombwa, mimi ninayefanya kazi ya ushauri wa lishe hapa Tanga, nimsaidie kutafuta hiyo ngano inaingilia mlango gani. Ameniruhusu niandike kisa chake, kwa sharti kwamba simtaji jina, na makazi yake niishie kusema Ngamiani.

Ni fundi cherehani, umri wake thelathini na kitu, mama wa watoto wawili. Kabla ya ugonjwa kujulikana alihangaika miaka mitatu hivi: tumbo kujaa gesi, kuharisha kunakokuja na kuondoka, uchovu wa kushindwa hata kukanyaga cherehani, vidonda mdomoni visivyokwisha. Alitibiwa minyoo, akatibiwa amiba, akatibiwa taifodi zaidi ya mara moja, akapewa na dawa za vidonda vya tumbo. Damu ikashuka mpaka hemoglobini gramu 8 kwa desilita, wakati mwanamke asiye mjamzito hatakiwi kushuka chini ya 12. Akameza vidonge vya madini ya chuma miezi na miezi, damu haikupanda. Hapo ndipo daktari mmoja alipostuka: chuma kinamezwa na kwenye damu hakionekani, basi utumbo haukifyonzi. Akaagiza kipimo cha kingamwili za seliaki. Majibu yalirudi yakiwa zaidi ya mara 10 ya kiwango cha kawaida. Akapelekwa Dar kwa kipimo cha kamera, kikachukuliwa kinyama kidogo cha utumbo, jibu likawa lile lile.

Seliaki si mzio wa kuvimba midomo wala si ugonjwa wa kuambukizana. Mtu huzaliwa na vinasaba vinavyoruhusu, kisha akila gluteni, ile protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai (nafaka ya nchi za baridi, jamii ya ngano), kinga ya mwili inaugeukia ukuta wa utumbo mwembamba na kuushambulia. Vile vijinyweleo vinavyofyonza chakula hufupika mpaka ukuta unabaki bapa. Dawa ya kumeza hakuna. Tiba ni kuacha gluteni maisha yote, na utumbo hujirekebisha wenyewe taratibu. Kwa mtu mzima huweza kuchukua mwaka, miwili, hata zaidi.

Mama mkwe wake alikuwa na neno lake: huo ni ugonjwa wa Wazungu, sisi tumekula maandazi tangu enzi na enzi. Nilimjibu kwa heshima kwamba kweli aliyefumbua fumbo la ngano ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem-Karel Dicke, ambaye aliona watoto wagonjwa wakipata nafuu katika njaa ya majira ya baridi ya 1944 na 1945, mkate ulipoadimika, na wakirudia kuumwa mkate uliporudi. Lakini miongoni mwa watu ambao ugonjwa huu umekutwa kwa wingi kupita kawaida ni Wasaharawi, Waafrika wa Sahara Magharibi, ambao uchunguzi wa miaka ya 1990 uliukuta kwa zaidi ya watoto 5 katika kila 100. Mama mkwe alinyamaza, ila sidhani kama aliridhika.

Turudi kwenye ngano iliyojificha. Nilimwomba aandike kila kinachoingia mdomoni na kimetoka mkononi mwa nani. Alileta daftari la vipimo vya nguo, kurasa za nyuma zimejaa: asubuhi chai ya maziwa na vitumbua vitatu, mchana wali wa nazi, maharage, mchicha, jioni ugali wa dona au bada (ugali wa muhogo) kwa samaki, mara mojamoja muhogo wa kukaanga na pweza. Ukikisoma chakula hicho kwa macho, hakina ngano hata chembe. Ni chakula ambacho mgonjwa wa seliaki wa Ulaya angekililia. Nikazungushia duara vitu vitatu: vitumbua, unga, na kila kilichokaangwa nje ya nyumbani.

Vitumbua tulivifuata asubuhi mbichi kwa muuzaji mwenyewe, bibi mmoja anayekaa kibarazani, kikaango chake cha mashimo saba kikiwa juu ya mkaa. Mgonjwa alikuwa ameshamuuliza siku za nyuma, akajibiwa hakuna ngano. Safari hii tukauliza kwa njia nyingine.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wajukuu zangu. Vingapi?"

"Bibi, leo tunataka utufundishe. Vyako havikatiki kama vya wengine. Unafanyaje?"

Akafurahi. Akaeleza mchele anavyouroweka usiku, tui zito, hamira, iliki ya kutwanga mwenyewe. Kisha akainama kidogo kama anayetoa siri ya biashara: "Na unga wa ngano kijiko kimoja, vishikane. Kimoja tu lakini."

"Mbona bibi uliniambia hutii ngano?"

"Sasa kijiko kimoja nacho ni ngano? Mimi napika kwa mchele."

Hakudanganya. Kwake yeye, kitu kinachotiwa kijiko kimoja kwenye bakuli zima hakihesabiki. Ila tukihesabu: unga wa ngano una protini karibu gramu 10 katika kila gramu 100, na sehemu kubwa ya protini hiyo ni gluteni. Kijiko cha chakula kilichojaa ni kama gramu 10, maana yake gluteni ya miligramu 800 hadi 1,000. Bakuli la bibi hutoa vitumbua kama 40. Kila kimoja basi hubeba miligramu 20 hadi 25, na mama yetu alikuwa anakula vitatu. Utafiti wa Waitalia uliochapishwa 2007 uliwapa wagonjwa miligramu 50 kwa siku kwa miezi 3, na hizo zilitosha kuudhuru ukuta wa utumbo. Alikuwa anavuka kiwango hicho kabla hajafungua kibanda cha cherehani.

Mimi nisingeishia hapo, ingawa wengi wangeishia hapo. Vitumbua aliviacha siku ileile, na tukaenda mashineni.

Mashine anayosagishia ni ya mtaani kama zilivyo nyingine: foleni ya ndoo na visado, kijana mweupe kwa unga mpaka kwenye kope, mfuko wa kitambaa umefungwa kwenye mdomo wa mashine. Mbele yetu alikuwepo mama mwenye mtoto mgongoni, anasagisha unga wa lishe. Niliomba kuona: mahindi, soya, ulezi, karanga, mchele, na ngano. Mchanganyiko huu kila mama wa Tanga anaujua. Wengi huutia ngano wakiamini unampa mtoto nguvu. Alipomaliza, kijana akaugonga mfuko mara mbili kwa fimbo, akamwaga dona ya mgonjwa wetu. Hakufungua chekeche, hakupangusa kitu, na hakuwa na sababu ya kufanya hivyo. Kilo za mwanzo za dona zilitoka zimebeba mabaki ya lishe ya mtoto wa watu.

Kipimo cha kimataifa cha Codex kinataka chakula kinachoitwa hakina gluteni kisizidi miligramu 20 kwa kilo. Kwa hesabu yetu ya juu, robo gramu ya unga wa ngano, yaani kidogo cha kushika kwa ncha za vidole viwili, inatosha kuitia doa kilo nzima ya dona. Na yeye alikuwa akijisifia mashine hiyo kwa kuwa inasaga laini.

Kijana wa mashine alikuwa mwungwana, akapendekeza aje asubuhi awe wa kwanza. Nilikataa, kwa sababu wa kwanza wa leo anafuata wa mwisho wa jana. Ushauri wangu ulikuwa mkali na najua haumfai kila mtu: unga wa mashine ya pamoja aachane nao kabisa. Bada anatwanga makopa mwenyewe kwenye kinu cha nyumbani na kuchekecha kwa chekecheo lake. Mchele wa kusaga anausaga kwa blenda aliyoinunua mpya, na hiyo blenda hamkopeshi mtu. Dona ameipunguza, siku akiitaka, anatwanga. Amelalamika mabega. Nami naona afadhali mabega kuliko utumbo, ingawa ni rahisi kusema kwa asiyeshika mchi.

Jikoni kwake kulikuwa na mengine madogo: kibao cha kusukumia chapati za watoto, mwiko wa mti wenye ufa, chujio la nailoni. Vilivyo na nyufa na matundu alivigawa, akabakiza sufuria yake, mwiko wake, chujio lake, vyote vimefungwa uzi mwekundu. Sukari na chumvi zake zina makopo ya peke yake, kwa sababu watoto huchota sukari kwa kijiko kilichotoka kwenye unga.

Kununua ndiko rahisi kuliko yote, kinyume na watu wanavyodhani. Sokoni Mgandini ananunua kilicho kizima: mchele, maharage, choroko, kunde, ndizi, magimbi, viazi, nazi, dagaa, samaki. Mchele haununui kwa muuzaji ambaye kopo lake linahama kutoka gunia la ngano kwenda la mchele. Nyumbani anaupeta, anauchambua, anauosha. Viungo ananunua vizima na kuvitwanga, kwani bizari ya unga inayouzwa kwa kupima huwezi kujua imesagwa baada ya nini. Dukani, pakiti nyingi zimeandikwa Kiingereza, kwa hiyo nimemwandikia maneno matano kwenye karatasi aliyoibandika ndani ya pochi: "wheat", "barley", "rye", "malt", "semolina". Neno "malt" ndilo linalowaponyoka wengi. Ni kimea, na katika vinywaji vya unga kama Milo ni kimea cha shayiri. Bia ya kawaida nayo ni shayiri. Sosi ya soya nyingi zimetengenezwa kwa ngano. Maziwa ya kawaida na mtindi, ambavyo Tanga tumejaaliwa, havina tatizo. Biskuti maalumu kutoka nje, zenye alama ya suke lililokatwa kwa mstari, siwashauri watu wazihangaikie. Ni ghali, na anayekula wali wa nazi kwa samaki wa kupaka hajapungukiwa kitu.

Kazi iko kwenye kula nje. Kosa lake la zamani lilikuwa swali lenyewe: "Kina ngano?" Mama ntilie anafikiria chakula, anajibu hapana, na ni kweli. Swali linalofaa ni la chombo na mafuta. "Dada, hilo karai limekaanga nini tangu asubuhi?" Hapo ndipo ukweli unapotoka: maandazi alfajiri, sambusa saa nne, kisha muhogo na samaki, mafuta ni yale yale. Moto haumsaidii hapa. Gluteni si kijidudu, haifi kwa kuchemka. Samaki nao wengine hupakwa unga wa ngano wasigande karaini, kababu na katlesi huunganishwa kwa chenga za mkate, urojo mara nyingi hufanywa mzito kwa unga wa ngano, na soseji mara nyingi huongezwa unga kiwandani.

Alichobaki nacho akiwa nje si haba: samaki wa kuchoma kwa chumvi na ndimu juu ya karatasi ya foili yake mwenyewe, pweza wa kuchemsha, ndizi na muhogo wa kuchoma (mradi kwenye wavu hapapashwi chapati), mayai ya kuchemsha, madafu, matunda. Wali na maharage kwa mama ntilie mmoja anayemjua, anayempakulia kwa upawa safi kabla ya kundi la mchana. Mishkaki ameiacha, kwa sababu ya zile sosi.

Na amejifunza namna ya kusema. Mwanzo alikuwa akieleza kinga ya mwili, vijinyweleo, gluteni, watu wakamsikiliza kwa huruma kisha wakamwambia, "Basi nitakutilia kidogo." Sasa anasema, "Daktari amenikataza ngano, hata iliyogusa kijiko. Nikila nalazwa." Kwetu amri ya daktari haina mjadala, na kulazwa kila mtu anakujua.

Jaribio gumu lilikuwa harusi ya binamu wa mume, Pangani. Chakula kilikuwa pilau, na pilau kwa asili yake haina ngano. Ila pilau ya shughuli huliwa kwenye sinia, watu wanne au watano kwa mkono, na kabla ya pilau zilikuwa zimepita sambusa na mikate ya kuchovya mchuzi. Mikono ileile inaingia siniani. Mtu anayejitenga na sinia la mawifi hueleweka vibaya. Ataonekana ana kiburi au ana kinyongo, na maneno yatatangulia kufika Ngamiani kabla yake. Alitaka asiende kabisa. Nikamwambia atakayemsaidia si wa kumtafuta mezani, ni jikoni. Alimpigia simu shangazi wa mume, mkubwa wa wapishi, siku chache kabla. Hakumwomba apikiwe chakula chake. Alimwomba mambo mawili tu: aone viungo vinatwangwa wapi, na apakuliwe sahani kutoka sufuriani kabla ya mwiko kuzunguka.

Shangazi alifanya zaidi ya alivyoombwa. Aliposhuka na sahani ile alitangaza kwa sauti ya kusikika uani kote, "Huyu mke wetu ana masharti ya daktari, sahani yake asiiguse mtu!" Wakacheka, na habari ikaishia hapo. Alikaa kando ya sinia la mawifi zake, anakula sahani yake, anapiga soga nao. Mimi naona heshima ya mkubwa mmoja ilifanya kazi ambayo maelezo yake mwenyewe yasingeifanya.

Kwa safari ya kliniki Dar, kilomita kama 350 kwa basi kutoka Kange, kanuni ni nyepesi: hashuki na njaa. Anabeba mkate wa kumimina, ule wa mchele, aliopika mwenyewe, viazi vitamu vya kuchemsha, mayai, korosho. Basi likisimama Segera au Chalinze ananunua machungwa, ndizi na maji. Kwa ndugu anakofikia anapeleka sufuria yake ndogo ndani ya begi la nguo. Mara ya kwanza wenyeji walishangaa, mara ya pili walimwandalia jiko. Mume anaweka akiba ya kumpeleka Umra, na hilo tumeshalizungumza: mlo usio na gluteni huagizwa kwa shirika la ndege mapema, saa 24 kabla au zaidi, na kifupi chake kwenye tiketi ni GFML. Hata hivyo chakula cha akiba kibaki mkobani, maana agizo huweza kupotea, na huko aendako mkate ni wa kila mlo. Mwalimu wa madrasa ya jirani amemwandikia kikaratasi cha Kiarabu cha kuonyesha mahotelini.

Miezi sita baada ya kuacha vitumbua vya kununua na unga wa mashine, kingamwili zilishuka kutoka mara nne ya kiwango cha kawaida, zilipokuwa zimekwama baada ya ule mwaka wa kuacha mkate, mpaka chini ya mara mbili. Hemoglobini ilipanda mpaka 11.6 kwa vidonge vilevile vya chuma vilivyokuwa vikishindwa zamani. Bado hajafika. Siwezi kuapa ni vitumbua au ni mashine iliyomuumiza zaidi, kwa kuwa tuliviondoa kwa wakati mmoja. Na sioni sababu ya kumrudishia kimoja ili tujue. Karai la mama mkwe, anakokula Ijumaa, halijapatiwa ufumbuzi, na hilo ameniambia niliache kwanza.

Limebaki suala la watoto. Kwa ndugu wa damu wa karibu, uwezekano wa kuwa na seliaki hufikia hata 1 kati ya 10. Binti mkubwa amepimwa, hana. Mdogo wa kiume, anayelalamika tumbo na ambaye kimo chake kimesimama, anasubiri kipimo mwezi ujao. Mama alitaka kumwachisha maandazi siku ileile. Nilimkatalia: mtoto akiacha ngano kabla ya kupimwa, kingamwili hushuka na kipimo huweza kusema hana wakati anao, kisha tuanze upya baada ya kumlisha ngano kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo mama aliyeifukuza ngano ndani ya nyumba yake sasa anamtuma mwanawe kila asubuhi kwa jirani na pesa ya maandazi mawili, ayale hukohuko, na anawe mikono kwa sabuni kabla ya kurudi.